Uzi: Ufugaji wa nguruwe wachache nyumbani – anza na mlango wa banda kabla ya mbegu na pumba

#1 Mleta mada (Mbozi, Songwe)

Wakuu, habari za jioni.

Maswali ya nguruwe yamekuwa mengi humu siku hizi, na karibu yote yanaanza na "nianze na wangapi" au "mbegu ipi inakua haraka". Nitayagusa. Ila kwa sisi tunaofuga majike wawili hadi watano nyuma ya nyumba, kinachoamua kama utakuwa bado mfugaji baada ya miaka mitatu ni kile unachokiruhusu kupita mlangoni mwa banda. Mbegu nzuri na chakula kizuri vyote vinafutika ndani ya wiki mbili homa ikiingia.

Nazungumzia homa ya nguruwe ya Afrika. Ilielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza Kenya mwaka 1921, kwenye mashamba ya walowezi, ambako nguruwe walioletwa kutoka Ulaya walikuwa wanakufa karibu wote. Zaidi ya miaka mia imepita na dawa ya kuitibu hakuna. Ngiri anaishi na virusi hivi bila kuumwa, na papasi wanaokaa kwenye mashimo yake ndio wanaovitunza huko porini. Kwa hiyo asili yake iko hapa hapa kwetu, haitaondoka leo wala kesho.

Lakini huku vijijini na mijini anayeieneza zaidi ni mtu. Mwaka 2010 ililipuka Kyela, mpakani na Malawi, na baadaye ikafika hadi Morogoro na Dar es Salaam. Umbali ule unasafiriwa na gari lenye nguruwe, na ndoo ya nyama, na kamba, na viatu. Virusi vinakaa kwenye damu na kinyesi, vinakaa miezi kwenye nyama iliyokaushwa au kutiwa chumvi, na kwenye nyama iliyogandishwa vinakaa miaka. Binadamu haimpati, na ndiyo maana watu hawaiogopi. Mtu anakula kitimoto chake vizuri, ananawa kidogo, anaenda kulisha nguruwe.

Sasa banda langu lilivyo. Lina uzio wa pili kuzunguka ukuta, mita chache tu, ili mbwa na nguruwe wa watu wasigusane na wangu kwenye matundu. Mlango ni mmoja. Nje ya mlango kuna msumari umetundikwa jozi mbili za gambuti na koti la kazi, na vitu hivyo havitoki kwenda shambani wala sokoni. Chini kuna ndoo ya maji ya sabuni na brashi, halafu beseni la dawa ya kuua vijidudu. Watu wengi wanaweka beseni peke yake na kukanyaga na matope yao. Dawa haiui kitu kilichojificha ndani ya tope, na klorini ikikutana na kinyesi inaisha nguvu pale pale. Sugua kwanza hadi uone mpira wa buti, ndipo ukanyage dawa, na uibadilishe kila ikichafuka.

Mnunuzi haingii. Hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao. Mnunuzi wa nguruwe anapita mabanda kwa mabanda siku nzima, na buti zile zile, kamba ile ile, mizani ile ile, na mara nyingi asubuhi ametoka kuchinja. Hana nia mbaya, ndiyo kazi yake. Mimi nimejenga kijizizi cha mabanzi karibu na barabara. Nguruwe natoa mwenyewe kwa kamba yangu, namleta pale, tunapima pale, tunalipana pale. Nguruwe aliyefika pale na bei ikashindikana usimrudishe kwa wenzake siku hiyo, mtengee chumba. Wapo wanunuzi walionuna mwanzoni. Sasa wamezoea, na wengine wanapenda, kwa sababu wanajua wa kwangu wazima.

Mlango wa pili wa homa ni dume. Huku kwetu dume anaazimwa, malipo ni mtoto mmoja wakizaliwa. Jike anapelekwa kwa mwenye dume, au dume anazungushwa kijiji kizima. Dume wa namna hiyo akiugua ameshamaliza kijiji kabla mtu hajajua. Sisi majirani wanne tumekubaliana kuwa na dume mmoja wetu, hatoki nje ya kundi, na anayeleta nguruwe mpya kutoka nje anamtenga siku 30 kabla hajamkaribia dume. Huyo aliyetengwa analishwa wa mwisho, baada ya wengine wote kuhudumiwa. Mwenye uwezo wa kupata mtaalamu wa uhimilishaji, yaani kupandisha kwa mrija bila dume kuja, bora zaidi.

Mlango wa tatu ni makombo. Nitaeleza mtu akiuliza, maana najua wa mjini watauliza.

Karibuni kwa maswali.

---

#2 Mdau wa Kitunda, Dar

Mkuu, asante kwa mada nzito. Mimi ndiye huyo wa mjini. Pumba Dar bei haikamatiki, nguruwe wangu wanakula makombo ya hoteli mbili na mgahawa wa shule. Bila makombo nafunga banda. Unanishauri nini? Na hao majike wa kuanzia, mbegu gani?

---

#3 Mleta mada

Mkuu wa Kitunda, pole na bei.

Siwezi kukwambia acha makombo wakati ndiyo yanakufanya uwe na nguruwe. Ninachokwambia ni moto. Ndani ya ndoo ya hoteli kuna mifupa na ngozi za nguruwe wa mtu mwingine usiyemjua, aliyechinjwa usijue alikuwa anaumwa nini. Chemsha yote, hadi katikati itokote, na uendelee saa nzima huku unakoroga, kwa sababu juu panachemka wakati chini ya pipa kuna kipande cha nyama bado baridi. Ukiweza kuongea na mpishi akutengee ugali, wali na maganda kwenye ndoo moja, na mabaki ya nyama kwenye nyingine usiyoichukua, utakuwa umepunguza hatari sana. Chombo cha kubebea makombo mabichi kisiguse kihori. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanachemsha vizuri, halafu wanamimina kwenye ndoo ile ile iliyoleta mabichi. Na angalia chumvi. Makombo yana chumvi nyingi, nguruwe akikosa maji hata nusu siku anaweza kupata sumu ya chumvi: anazunguka, anagonga kichwa ukutani, anatetemeka. Maji yawepo muda wote.

Mbegu: Large White au Landrace kwa majike, kwa sababu wanazaa wengi na wana maziwa. Duroc nzuri kwa dume ukitaka watoto wenye nyama. Mnyama mweupe anaungua na jua, na nguruwe hana jasho la maana la kumpoza, kwa hiyo Dar kivuli na upepo ni lazima. Chagua jike mwenye chuchu kuanzia 12, zilizopangika sawasawa, na miguu imara. Muombe muuzaji akuoneshe mama yake.

Kwa wanaonunua chakula, mchanganyiko ninaotumia kwa wanaokua, kilo 100: pumba za mahindi 67, mashudu ya alizeti 20, dagaa 10, unga wa mifupa 2, chumvi nusu kilo, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo. Dagaa wakipanda bei weka soya, lakini soya ikaangwe. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isisagwe tumboni, nguruwe anakula anashiba na hakui. Dagaa waondoe wiki tatu au nne kabla ya kuuza, la sivyo nyama inanuka samaki na mteja harudi.

Kuhusu hesabu, mtoto wa kilo 10 kumfikisha kilo 80 atakula kama kilo 250 hadi 280 za chakula kilichochanganywa vizuri. Chukua bei ya kilo moja hapo kwenu, zidisha, kisha linganisha na bei ya nguruwe wa kilo 80 hapo hapo kwenu. Ukikuta kinachobaki ni kidogo, usinunue nguruwe wengi ukitegemea wingi utafidia.

---

#4 Mzee wa Ileje

Vijana, nawasoma. Nimefuga nguruwe weusi wa kienyeji tangu ujana wangu. Msimu wa mvua tunawafungia wasile mahindi ya watu, tukishavuna tunawafungulia wajitafutie. Hawakuwahi kunidai pumba wala premiksi. Nguruwe huyo unayemsema anakula kuliko mtoto wa sekondari. Kwa nini maskini aache njia isiyo na gharama?

---

#5 Mleta mada

Shikamoo mzee wangu. Nashukuru umeingia, maana jambo ulilolileta ni zito na ni watu wa umri wako wanaosikilizwa kijijini.

Nguruwe mweusi ni mnyama mzuri. Anavumilia, anakula majani, nyama yake tamu. Simpingi yeye mzee, napinga kufunguliwa. Nguruwe anayezurura anakula kinyesi cha watu. Mtu mwenye tegu tumboni akijisaidia kichakani, mayai ya tegu yanaingia kwa nguruwe, yanakaa kwenye nyama yake kama vijifuko vyeupe vidogo. Mtu akila nyama hiyo haijaiva, anapata tegu. Hapo duara limefunga.

Sehemu mbaya zaidi ni nyingine. Mayai yale yale yakiingia kwa binadamu, kwa mikono michafu au mboga au maji, vijifuko vinaota ndani ya mtu, na vikikaa kwenye ubongo vinaleta kifafa. Mtu anaweza kuwa hajawahi kuonja nguruwe maisha yake yote, akapata kifafa hicho kwa sababu jirani yake ana tegu na hana choo. Wilaya yetu ya Mbozi na kule Mbulu wataalamu wamelichunguza jambo hili kwa miaka mingi. Watoto wetu wanaoanguka kifafa shuleni tunawaita wamerogwa, tunawapeleka kwa waganga, wakati wapo ambao chanzo chake ni nguruwe anayezurura na nyumba isiyo na choo.

Wanunuzi wa huku wanajua. Wanamlaza nguruwe chini, wanapitisha kijiti mdomoni, wanavuta ulimi kwa kitambaa na kupapasa chini yake. Wakigusa vile vijipele wanashusha bei au wanaondoka. Ila ulimi unaonesha wale walioathirika sana tu. Asiye na kitu chini ya ulimi anaweza kuwa navyo kwenye moyo na mapaja, kwa hiyo mkaguzi wa nyama bado anahitajika na nyama bado inatakiwa iive hadi ndani. Ipo dawa, oksfendazoli, dozi ya miligramu 30 kwa kila kilo ya uzito inaua vijifuko vya kwenye nyama. Muulizeni daktari wa mifugo, na nyama isiliwe hadi muda wa dawa uishe. Lakini ukimtibu na kumfungulia tena kwenye kinyesi kile kile, umetupa hela.

Kwa hiyo mzee, gharama ipo, ila hailipwi na mwenye nguruwe. Fungia mweusi wako bandani, mkatie majani ya viazi vitamu, maboga, maparachichi yanayooza chini ya mti kidogo kidogo bila kokwa, pumba kidogo jioni. Atakua taratibu na hatakufilisi.

---

#6 Mzee wa Ileje

Marahaba mwanangu. La kifafa sikulijua kwa namna hiyo. Nitalipeleka kwenye kikao cha kitongoji.

---

#7 Mama mfugaji, Mbinga

Kaka, mimi shida yangu ni watoto. Jike anazaa kumi, kumi na mbili, nakuja kuachisha watano. Wengine anawalalia, wengine wanaharisha, wengine wanapauka tu na kufa. Nifanyeje?

---

#8 Mleta mada

Dada, watoto wengi wanapotea ndani ya siku tatu za kwanza, kwa hiyo kazi yako ikae hapo. Mimba ni siku 114, watu huku wanahesabu miezi mitatu, wiki tatu na siku tatu, na inakaribiana sana. Andika tarehe ya kupandwa ukutani kwa mkaa kama daftari huna. Wiki moja kabla, muoshe mama kwa maji na sabuni, hasa chuchu na nyuma, muhamishie chumba kisafi chenye nyasi kavu. Ukibonyeza chuchu na maziwa yakatoka kwa mchirizi, usiende mbali, ni ndani ya siku hiyo.

Kulaliwa kunazuilika. Funga miti mizito kuzunguka kuta za ndani, juu ya sakafu kama sentimita 25 na mbali na ukuta kiasi hicho hicho. Mama akijibwaga kuegemea ukuta, mtoto anapata upenyo. Halafu pembeni tengeneza kisanduku cha watoto chenye joto la kutosha, nyuzi kama 32. Huku kwetu Juni na Julai ni baridi kali, na Mbinga najua ni hivyo hivyo. Mtoto mwenye baridi anamfuata mama tumboni na ndipo anapokandamizwa. Pasipo umeme tumia nyasi nyingi na kifuniko, na jiko la mkaa nje ya uzio wa kisanduku, likiwa na mtu wa kuliangalia na hewa inapita. Usiku wa moto wa mkaa usiokuwa na mwangalizi umechoma mabanda ya watu.

Dang'a, yale maziwa ya kwanza, wanyonye wote saa za mwanzo. Wadogo wapeleke wewe mwenyewe kwenye chuchu za mbele, zina maziwa zaidi. Kila mtoto atachagua chuchu yake na kuing'ang'ania hadi mwisho, kwa hiyo mnyonge akianza na mbovu ataendelea na mbovu.

Hao wanaopauka ni upungufu wa damu. Maziwa ya nguruwe yana madini ya chuma kidogo sana, na mtoto wa kwenye saruji hana udongo wa kufukua. Sindano ya chuma, miligramu 200, siku ya tatu. Ukiikosa kabisa, watupie kila siku udongo mwekundu uliochimbwa chini, mahali pasipopitiwa na nguruwe wala watu. Angalia mdomo na masikio baada ya wiki, utaona rangi ya waridi inarudi.

Kuharisha, anza na usafi na ukavu wa sakafu kabla ya kukimbilia dawa. Na usiachishe mapema. Kwa chakula chetu cha nyumbani wiki sita hadi nane. Mama atarudi kwenye joto, yaani kutaka dume, ndani ya siku tano hadi saba hivi baada ya kuachisha. Mbonyeze mgongo, akisimama kama gogo, mpeleke kwa dume siku hiyo na umpeleke tena kesho yake.

---

#9 Mdau wa Tunduma

Wakuu naomba msaada wa haraka. Tangu juzi nguruwe wangu hawali. Wanalala wamerundikana. Masikio na tumbo vimekuwa vyekundu kama zambarau, mmoja ameharisha damu. Wawili wamekufa leo asubuhi. Kuna mchinjaji amekuja anataka kuchukua waliobaki kwa bei ya kutupa, anasema nikichelewa nakosa vyote. Nina nguruwe tisa na ada ya mtoto inasubiri hapo. Nifanye nini?

---

#10 Mleta mada

Pole sana ndugu yangu. Usimuuzie. Tafadhali.

Mpigie afisa mifugo wa kata sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hapa. Dalili hizo ni kama za homa ya nguruwe niliyoieleza juu, ila kuna ugonjwa mwingine wa bakteria unaoleta mabaka mekundu, mara nyingi yana pembe nne na yameinuka kidogo kwenye ngozi, na huo penisilini inautibu. Macho peke yake hayatofautishi kwa uhakika. Ndiyo maana sampuli lazima iende maabara. Wakala wa Maabara ya Veterinari wanapima, afisa atajua njia ya kuipeleka.

Wakati unamsubiri: usipasue mzoga, usichinje, usimwage damu. Funga mlango wa banda. Wewe na watoto msiende kwa mfugaji mwingine, na mwingine asije kukupa pole bandani, akupe nyumbani. Mbwa wafungwe. Waliokufa wafunikwe hadi afisa aoneshe pa kuchimba, shimo liwe refu kina cha mtu, mbali na kisima, na chokaa juu kabla ya udongo. Usimpe mtu nyama hata kwa huruma.

Ada ya mtoto naielewa. Mchinjaji huyo atakupa hela ya siku mbili. Nyama hiyo itakatwa vipande, maji ya kuoshea yatamwagwa, mifupa itaingia kwenye ndoo za makombo, na wiki ijayo ni jirani yako anayeandika humu ulichoandika wewe. Na sheria ya magonjwa ya mifugo ya mwaka 2003 iko wazi, kuficha na kusafirisha wanyama wagonjwa ni kosa. Sikutishi. Nakuomba kwa niaba ya wote tulio kwenye barabara hii ya Mbeya hadi Tunduma.

Na mtu akija na sindano akisema ni chanjo ya homa, mfukuze. Vietnam waliruhusu chanjo 2023 kwa nguruwe wao, ila kichupa cha mfukoni mwa mtu asiye na kibali si chanjo, na sindano hiyo inayohama banda kwa banda ni njia nyingine ya kuambukiza.

---

#11 Mdau wa Tunduma

Nimempigia, amekuja na kuchukua damu na kipande cha bandama. Nimemkatalia mchinjaji, ameondoka kwa hasira. Wamekufa wengine watatu. Mtaa wetu umewekwa karantini. Naomba kuuliza, ikithibitika, nitaweza kufuga tena?

---

#12 Mleta mada

Utafuga. Umefanya jambo kubwa, na wafugaji wa mtaa wako wanapaswa kulijua.

Ikithibitika fuata afisa atakavyoelekeza kwa waliobaki. Baada ya hapo banda likwanguliwe kinyesi chote, nyasi na mbao zilizooza zichomwe. Osha kwa sabuni na maji hadi saruji ionekane, iache ikauke, ndipo upulize dawa. Rudia tena baada ya wiki. Nyufa za ukuta zizibe, papasi wanapenda nyufa. Banda likae tupu siku zisizopungua 40, jua liingie, fungua bati kama inawezekana.

Karantini ikishaondolewa, usijaze banda. Leta wawili tu, wasio ghali, kutoka kwa mtu unayemjua, wakae wiki sita wakizunguka vyumba vyote. Wakibaki wazima na wanakula, leta majike. Katika muda huo wa kusubiri, jenga kile kizizi cha kuuzia karibu na barabara. Mabanzi ya kiwanda cha mbao yanatosha. Ukitaka vipimo niandikie hapa hapa nitakuchorea, na wa Kitunda pia alete picha ya jiko lake la makombo tuone pipa linakaaje.